Kobe Wako Bado Tumewaweka Ndani

Mpendwa Mama,

Mikayi na Nyachira wako hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungekuwa hapa ungeniuliza habari zao kabla ya kuniuliza zangu, nami ningejifanya nimenuna, nawe ungecheka ukifunika mdomo kwa ncha ya lesso.

Sijui kama barua hukufikia huko. Akinyi ndiye aliyeniambia niandike. Alisema kuna maneno ambayo siku hizi ni afadhali tuyaandike kuliko kuyasema kwa sauti ndani ya nyumba hii, maana hatujui ni nani anayesikiliza. Mke wangu unamjua, hana mzaha wa namna hiyo.

Nakumbuka siku uliyowaleta kobe wako. Nilikuwa darasa la sita, kule nyumbani Magunga, na moto ulikuwa umekula nyasi zote upande wa mbuga. Ulitoka kutafuta kuni. Ulirudi na karai kichwani, na ndani ya karai mlikuwa na mawe mawili yaliyojaa majivu. Nikakuuliza mawe ni ya nini. Ukasema, "Ngoja." Nikangoja, na jiwe moja likatoa kichwa, likanitazama.

Baba alipotoka shambani alisimama mlangoni na jembe begani. "Nyar Rangwe, hii ni nini umeleta kwa boma?" Hakuwahi kukuita kwa jina lako, kwake siku zote ulikuwa binti wa Rangwe, kwa watu wenu. Ukamjibu bila kuinua macho, "Ni wake wenzangu. Umekaa na bibi mmoja mpaka watu wanakucheka." Yule mkubwa ukamwita Mikayi, mke wa kwanza. Mdogo ukamwita Nyachira, wa pili. Baba alicheka mpaka akalazimika kuketi kwenye kizingiti.

Askari wa wanyamapori walikuja wakawatazama, wakasema huyo mkubwa hatapona, na walipoona anapona wakakuandikia kibali cha kukaa nao. Lakini mguu wake mmoja wa nyuma ulikuwa umeungua hadi ukakauka kama kijiti. Tangu siku hiyo akawa anauburuta. Kwenye sakafu yetu ya udongo, ile uliyoipaka samadi kila Ijumaa kabla ya Sabato, mwendo wake haukusikika. Mara nyingi nilishtuka kumkuta yuko nyuma yangu.

"Kobe hana sauti ya kulalamika," uliniambia siku moja tukiwaosha pua kwa kitambaa. "Ni wewe umwangalie."

Kisha kiharusi kikakushika upande wa kushoto, tukakuleta kwetu Uriri ili uwe karibu na hospitali. Baba akaja nawe. Alinung'unika sana, kwamba mzee halali katika nyumba ya kijana wake, nami nikamwambia hii ni nyumba ya kupanga, si boma. Kobe tukawaachia jirani. Mlilala chumba kile cha mwisho, kinachopata jua la asubuhi. Kila siku baada ya chakula cha mchana ulitoka chumbani peke yako. Hukutaka kushikwa mkono. Ulipita kwenye korido ukiegemea ukuta, na ule mguu wa kushoto ukiuburuta kwenye simiti, kisha ukikanyaga kwa ule mzima. Kwaruu, ko. Kwaruu, ko. Baba akiwa sebuleni aliinua kichwa hata kabla hujatokea.

"Umefika? Keti, chai bado iko moto."

Tulikuzika Magunga, na Baba akakataa kurudi nasi. Nilipoenda kumtazama mwezi wa Juni sikumjua mara moja. Shati lilikuwa linamning'inia. Uji alioletewa na jirani ulikuwa umekauka ndani ya kikombe, na kando yake kikombe cha jana yake, nacho kimekauka. Nikamwambia, "Baba, twende Uriri." Akaniuliza nani atawapa Mikayi na Nyachira maji. Hakutaja kaburi. Alitaja kobe. Kwa hivyo tuliwabeba wote watatu, Baba kiti cha mbele, kobe wako nyuma ndani ya gunia la nyasi.

Lakini Uriri si Magunga, Mama. Huko bondeni hata msimu wa baridi jua hulipiga jiwe likapata moto. Huku mwezi wa Julai ukungu ulilala juu ya miwa hadi karibu saa tano, na mvua ikarudi kila alasiri. Kobe waliacha kutembea. Ilikuwa lazima wakae ndani, na mimi sikujua kobe hukaa ndani namna gani.

Kwanza tuliwaweka jikoni kwenye katoni kubwa ya friji. Chini ikalowa mkojo na maji, ikaanza kunuka, na Mikayi akaipasua kwa bega akatoka. Mwenzangu kazini akanipa tangi la kioo alilokuwa akifugia samaki. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Kioo kiliwachanganya. Nyachira aliona korido mbele yake, akaielekea, na kitu asichokiona kikamzuia. Alikwaruza kile kioo kutwa, mbele ya macho ya Akinyi, kama mtu aliye nje anayefuta dirisha aone nani yumo ndani. Akinyi akaweka mwiko chini, akanigeukia. "Baba Otieno, mimi siwezi kupika nikiangaliwa hivi. Wafungulie watembee."

Nikawafungulia. Nilifikiri nimepata jibu rahisi: nyumba yote iwe yao, mlango wa nje ufungwe.

Siku ya pili yake mvua ilianza tukimaliza kula. Akinyi alikuwa anaosha vyombo, mimi nikipanga viti, Baba sebuleni ameinamisha kichwa kama kawaida yake, sahani yake haijaguswa. Basi tukasikia kwenye korido.

Kwaruu, ko. Kwaruu, ko.

Akinyi aliacha sufuria ikaanguka ndani ya karai. Ilikuwa mwendo wako, Mama. Haukuwa kama wako, ulikuwa wako wenyewe, na lile pumziko lako ukifika kwenye mlango wa choo, na kuanza tena polepole. Baba aliinua kichwa. Uso wake ukafunguka namna ambayo sikuwa nimeiona tangu tukuzike.

"Nyar Rangwe," akasema. "Umefika? Keti, chai bado iko moto."

Nikaenda kuangalia. Mikayi alikuwa katikati ya korido, akiuburuta ule mguu wake mkavu, na gamba likigonga simiti kila alipojisukuma. Nilicheka kwa kuishiwa nguvu. Nilirudi sebuleni nikiwa tayari kusema, "Baba, ni kobe." Nikamkuta anakula. Alimaliza ugali, akamaliza samaki, akafuta sahani kwa kidole. Nikarudi kupanga viti.

Ikawa hivyo kila alasiri. Mikayi alikuwa na saa zake, kama wewe. Akishaota joto kidogo pale jikoni, alianza safari yake ya kwenda mwisho wa korido na kurudi, na Baba alizungumza. Alikuambia bei ya mahindi, nani amefariki huko Magunga, jinsi goti linavyomsumbua. Alikuwa akinyamaza, kichwa upande, kisha akijibu. Wakati mwingine alicheka. Akinyi alianza kumwekea Baba kikombe cha pili, chako, bila kuambiwa, na hakuna aliyekigusa. Mwili wa Baba ukarudi. Alinyoa ndevu. Jumamosi alivaa koti akaenda kanisani, na waumini wakaniambia, "Mzee wako amefufuka."

Nilikuwa na furaha na nilikuwa na hofu, na sikuweza kuzitenganisha. Kuna mara moja nilisikia mwendo ule nikiwa chumbani, nikajiambia ni Mikayi, sikutoka. Nimejiuliza sana kuhusu mara hiyo.

Mwanzoni mwa Agosti Mikayi aliacha kula. Nilikumbuka ulivyonifundisha, nikamwangalia. Puani palikuwa na mapovu. Alinyoosha shingo akafungua mdomo kupumua, na pumzi yake ikatoa mluzi mwembamba. Macho yalikuwa yamevimba. Nilimwita daktari wa mifugo kutoka Migori mjini, mama mmoja mwenye sauti ya chini, ambaye alimgeuza Mikayi kwa mikono miwili kama anageuza mtoto mchanga. Akaweka kiganja chake sakafuni, akakiacha hapo kwa muda.

"Mmemlaza wapi?"

"Hapa tu. Anatembea atakako," nikasema.

"Kwa simiti?" Alinitazama. "Hii simiti inamfyonza joto yote. Tumbo yake iko chini mchana na usiku. Na hii sakafu inateleza, ona huo mguu, anajisukuma mpaka anaumia. Nitamdunga dawa, lakini dawa haitasaidia kama anarudi kulala hapo hapo."

Alitueleza nyumba ya kobe inavyopaswa kuwa wakati wa baridi. Sanduku la mbao, pana, lililoinuliwa kutoka sakafuni. Pande zisizopitisha macho, ili asione njia asiyoweza kuipita. Ndani udongo mkavu na nyasi, apate kushika kwa kucha na kujifukia. Taa ya kulelea vifaranga upande mmoja tu, juu asikoifikia, na upande wa pili uachwe bila taa, ili akichoka joto aondoke. Kona yenye giza ya kujificha. Maji kwenye sahani ya bapa. Lisiwe jikoni penye moshi wa makaa. Jua likitoka mchana, atolewe aote, kisha arudishwe kabla ya mvua.

"Na asitembee kwa korido," akasema. "Sio mpaka baridi iishe."

Alipoondoka, Akinyi na mimi tulisimama jikoni bila kutazamana. Kutoka sebuleni tulimsikia Baba akipiga mluzi.

"Tukimweka kwa udongo," Akinyi akanong'ona, "hatasikika tena."

"Najua."

"Baba ataacha kula."

"Najua, Akinyi."

"Na tukimwacha atakufa. Halafu bado itakuwa kimya." Alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mimi sijui kwa nini tumepewa hii kazi. Mimi nilitaka tu kobe watoke jikoni."

Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Kukutoa masikioni mwa Baba kulikuwa sawa na kukuzika mara ya pili, na safari hii kwa mikono yangu peke yangu. Lakini nilimwona Mikayi amenyoosha shingo akitafuta hewa, hana sauti ya kutuambia chochote, na nikajua wewe ungeniambia nini. Nikaenda kununua mbao.

Baba mwenyewe alinisaidia kulipigilia sanduku. Hilo lilinishangaza. Alishika mbao huku nikigongomea misumari, akaniambia nipandishe pande, kwamba Mikayi hupanda. Sanduku likawa refu karibu kama kitanda. Tuliliweka juu ya matofali katika chumba chako, kwani Baba siku hizi hulala chumba kingine, na maana ndicho chumba kikavu kuliko vyote, na jua la asubuhi huingia hapo. Udongo niliutoa Magunga, mkavu na mwekundu, nikauchanganya na nyasi. Sanduku dogo la nyanya nililifunika likawa pango lao. Stima ikipotea, Akinyi hujaza mtungi maji ya moto, anauzungushia lesso, anauweka kando yao. Ni lesso yako ile ya kijani. Nilitaka kukataa, nikaona ni sawa.

Nyachira aliingia pangoni saa ile ile, akatulia, kama mtu aliyefika kwake. Mikayi alisimama chini ya taa, akapiga udongo kwa mikono, akajichimbia nusu. Na nyumba ikanyamaza.

Alasiri ya siku ya pili mvua ilikuja. Akinyi alipakua chakula mapema. Baba hakuugusa ugali wake. Nilishindwa kumtazama. Niliinuka nikaenda chumbani kwako kuangalia taa, au nilijiambia naenda kuangalia taa, na nikaketi kwenye kigoda kando ya sanduku. Mikayi alikuwa amelala, pumzi yake imeanza kupungua mluzi. Kichwa cha Nyachira kilionekana kidogo pangoni. Wote wawili walikuwa mbele ya macho yangu. Mlango ulikuwa wazi, na korido ilikuwa tupu hadi mwisho.

Nikasikia sauti ya Baba kutoka sebuleni, yenye furaha, ya kila siku.

"Nyar Rangwe. Umefika? Keti."

Mama, mvua ilikuwa inapiga mabati. Nataka uelewe hilo. Siwezi kuapa nilisikia kitu chochote kwenye korido zaidi ya mvua. Lakini sikuweza kuinuka. Niliweka mkono ndani ya sanduku nikaushika mgongo wa Mikayi, nikaubana hapo, kana kwamba nikiuachia utatoka.

Nilipoweza kuinuka nilienda sebuleni. Akinyi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika nguo yake kifuani. Baba alikuwa anakula. Niliketi mbele yake, na nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba ile sauti ilikuwa Mikayi, mguu wake mkavu kwenye simiti, tangu siku ya kwanza, na kwamba tulinyamaza kwa sababu alikuwa anakula. Nilimwambia Mikayi sasa yuko ndani ya sanduku na hawezi kutoka.

Baba alinisikiliza hadi mwisho. Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nikirudi shuleni na hesabu zote mbaya, bila hasira.

"Kijana yangu," akasema, "unafikiria mimi sijui mwendo wa kobe? Nimekaa na hao kobe tangu wewe ukiwa wa kuvaa kaptura. Mikayi alikuwa anapita huku upande wa jikoni. Mama yako anapita upande wa ukuta, hapa anaposhikilia." Akasogeza sahani. "Hata ni vizuri mmewawekea nyumba. Walikuwa wananipigia kelele. Sasa namsikia vizuri."

Akinyi alirudi jikoni taratibu, akafunga mlango.

Nilimuuliza, kwa sababu singeweza kutouliza, "Na huwa mnaongea nini?"

"Mambo ya nyumbani." Alikunywa maji. "Siku hizi ananiuliza kama niko tayari twende. Mimi namwambia aache kwanza hii baridi iishe. Siwezi kusafiri kwa baridi na hili goti."

Alisema hivyo tu, akaomba aletewe redio.

Tangu siku hiyo nimeishi na maneno hayo. Sikuwaambia ndugu zangu. Akinyi bado anaweka kikombe cha pili, na ukutani, pale ulipokuwa ukiegemea, pana alama ya mkono; amepafuta kwa kitambaa na hapajatakata, nami nimemwomba apaache. Alasiri ikifika tunaongea kwa sauti ya chini. Hatupiti upande ule wa korido. Ukitaka ukweli, Mama, sikuogopi. Nilidhani nitakuogopa, lakini ninapokaa pale mezani na Baba akainua kichwa, kinachonijia si woga wa maiti. Ni kama wivu. Ningependa nami nikusikie ukiniuliza kama nimekula.

Kile ninachokiogopa ni jua.

Mikayi amepona. Pua yake ni kavu, na wiki hii amekula majani ya viazi hadi nikamwondolea. Mvua zimepungua. Ukungu haukai tena juu ya miwa. Saa mbili asubuhi ua wote unang'aa, na mawe yanapata joto. Daktari alipita akatazama sanduku, akasifu, akasema baridi imetuacha, kobe wanaweza kutoka na kukaa nje kutwa.

Baba alikuwa kwenye kiti chake akisikiliza. Aliponiona nimerudi kutoka kumsindikiza daktari, akauliza, "Baridi imeisha?"

"Bado, Baba," nikasema. "Kobe bado wako ndani. Unaona taa inawaka."

Alitazama mwanga unaotoka chumbani kwako, akatikisa kichwa, akakubali.

Kwa hiyo bado wako ndani. Nawatoa waote jua Baba akiwa amelala kidogo asubuhi, kisha nawarudisha kabla hajaamka. Taa naiwasha hata siku za joto, kwa muda mfupi, ili aione. Nimemfungia dirisha lake. Akinyi anamvalisha sweta. Kila siku anauliza, na kila siku namjibu vilevile, na sijui nitaweza mpaka lini, kwa sababu Baba si mjinga, na jua la huku kwetu halifichiki.

Sikuombi usije. Umemrudishia uso wake, na nyumba hii ni yako kama ilivyokuwa. Njoo ukae naye alasiri. Lakini nakuomba jambo moja, nawe hukuwahi kuninyima kitu nilichokuomba kwa adabu. Akikuuliza kuhusu hali ya hewa, usinikanushe. Mwambie nawe umeiona baridi huko nje. Mwambie ni kali, na itakaa.

Ni mimi mwanao, ambaye bado ninamhitaji Baba.